Akinyi, hiyo glasi usiweke juu ya kitanda

Akinyi mama,

Mamako amenionyesha ile picha ya ukuta uliochora na penseli, pale unapotaka kutundika fremu ya kadi zako za wachezaji wa mpira. Mistari imenyooka, hapo sina neno, mkono ni wa kwetu. Lakini huo si ni ukuta wa kichwani mwa kitanda? Na naskia umeshalipia glasi ya milimita 4, fundi unaye nyumbani bure halafu unaenda kuuliza muuza glasi.

Sasa piga hesabu na mimi. Kadi yenyewe ni milimita 63 kwa 88, lakini ukishaiweka kwa ile plastiki ngumu inakuwa inchi 3 kwa 4. Kadi 48, safu 6 za kadi 8, tayari ni futi 2 kwa 2, weka reli za kushikilia kadi na fremu unafika 2 kwa 2 na nusu. Glasi peke yake hapo ni kama kilo 4 na nusu, plaiwudi bado, skrubu bado, na wewe umelala chini yake unakoroma. Na hapo Nakuru ni Bonde la Ufa, volkano ya Menengai mnaiona, Subukia hapo jirani mwaka wa 1928 tetemeko lilifika kipimo cha 6.9. Sisemi ni kesho. Nasema toa kichwa chako hapo.

Chukua Perspex, ile plastiki angavu kama glasi, uzito ni nusu na haipasuki ikamwagika kama glasi. Inakwaruzika haraka lakini, usiipanguse na kitambaa kikavu.

Ukuta wa kutazamana na dirisha pia hapana, jua la jioni litakula wino, Wanyama wako wa Spurs abaki rangi ya chai ya mkandaa. Wa upande wa bafu una unyevu, kadi zitapinda. Unabaki na ule wa mlango, najua ni mdogo, basi punguza, kwani lazima timu yote ipande siku moja? Na juu ya hizo timu, watu wa Gor Mahia wa 1987 waliobeba Kombe la Washindi la Afrika sijaona hata mmoja hapo, lakini wacha hiyo.

Mbao uchukue saiprasi iliyokauka, MDF, ile ya unga wa mbao uliobanwa, ikinyonya maji inafura. Reli zichimbwe mfereji mpana kidogo kuliko plastiki, ili kadi iingie na itoke bila kulazimishwa, gundi isiguse kadi kabisa. Zile plastiki laini zinazonuka ni PVC, zinashikana na kadi, achana nazo. Kuning'iniza, pasua ubao katikati mshazari digrii 45, kipande kimoja kwa ukuta kingine nyuma ya fremu, vinakaliana vyenyewe. Dril na plagi, si misumari ya stili, hiyo itakubandulia plasta na landilodi akate deposit. Muulize kwanza. Na hata ukifunga hivyo vyote sawasawa, bado si juu ya kitanda, Akinyi, usiniambie eti skrubu ni kubwa.

Zile kadi zako za zamani hazikutupwa, sijui nani alikuambia zilitupwa. Ziko kwa mkebe wangu wa misumari, chache zina kutu kwa kona. Majirani hapa Kibuye nimewaambia binti yangu anatengeneza fremu mwenyewe, mmoja akataka kujua unauza pesa ngapi.

Mamako goti limepoa kidogo, lakini bado anapanda ile ngazi ya dukani nikiangalia kando. Tokeni za stima zinaisha haraka tangu mlipoleta ile friji, na kuku mweupe amehamia kutaga kwa vumbi la randa. Ndugu yako wanafunga shule Ijumaa na anataka kuja huko, mimi nauli ya kwenda ninayo, ya kurudi uangalie wewe. Atalala wapi? Kama ni kwa hicho kitanda, nipigie kabla sijamkatia tiketi.

Babako