Leseni iliyoungua na radi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako niseme na maafisa ununuzi wa vyuo na halmashauri, maana wao ndio wanaosaini mikataba ya programu na sisi mafundi ndio tunaokesha nayo.

Natunza maabara ya kompyuta 40 katika chuo kimoja cha ufundi hapa Mbeya. Programu yetu ya kuchorea ramani za majengo tumeilipia kihalali, leseni 40, na seva moja, yaani kompyuta kuu, ndiyo inayozigawa. Mwanafunzi akifungua programu, kompyuta yake inachukua leseni kwa seva; akifunga, inairudisha.

Sasa umeme ukatike. Kompyuta zote zinazimika palepale, hakuna iliyowahi kurudisha kitu. Seva iko kwenye UPS, yaani betri ya akiba, haikuzimika, kwa hiyo yenyewe inaamini leseni zote 40 zingali kazini. Umeme ukirudi baada ya dakika tano, darasa zima linaambiwa leseni zimekwisha. Nisipokuwepo kuiwasha upya huduma ya kugawa leseni kwa mkono, itachukua karibu saa mbili seva kukubali kwamba wale wa mwanzo hawapo. Kipindi chenyewe ni cha saa mbili.

Hilo nimelizoea. La radi sijalizoea. Februari mwaka jana radi iliunguza ubao mkuu (motherboard) wa seva. Tukanunua mwingine, diski ilikuwa salama, kila kitu kikawaka isipokuwa leseni. Kumbe ilifungwa kwenye namba ya kadi ya mtandao, na kadi ilikuwa kwenye ubao ulioungua. Tukawaomba wauzaji waihamishe. Wakataka risiti, wakataka barua ya mkuu wa chuo, kisha wakataka namba ya kadi ya zamani, ambayo bahati nzuri nilikuwa nimeiandika na kuibandika ubavuni mwa seva. (Mafundi wenzangu, bandikeni.) Zikapita siku 11.

Siku zote hizo, wanafunzi wenye programu hiyohiyo ya wizi kwenye laptop zao waliendelea kuchora bila shida. Mmoja akaninong'oneza, "Madam, nikuwekee?" Nilimfukuza, lakini jibu sikuwa nalo.

Wanaotushauri tuhamie leseni za intaneti wakumbuke Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima. Programu inayobisha hodi ng'ambo kila asubuhi kabla ya kufunguka ingetufaa nini wiki ile?

Ninachoomba ni kwamba kabla ya kusaini mumbane muuzaji: seva ikifa, kompyuta ziendelee siku ngapi? Na seva ya akiba je? Mbinu ipo siku nyingi, leseni moja huandikiwa seva tatu kwa pamoja, na zikibaki mbili kazi inaendelea. Sisi hatukuambiwa kwa sababu hatukuuliza.

Fundi wa maabara ya kompyuta,
Mbeya