Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Nyumba ya Kupanga Si Kipato

Mheshimiwa Aden Duale,

Nakuandikia kuhusu watu waliokuwa na payslip juzi na leo hawana. Hapa Changamwe tunao wengi. Kiwanda cha nguo kikikosa oda, washonaji huambiwa wasirudi Jumatatu, na makato ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali ya Kenya, hukoma pamoja na mshahara.

Mwenye mshahara wa shilingi 18,000 hukatwa asilimia 2.75, yaani shilingi 495 kwa mwezi, kabla pesa hazijamfikia mkononi. Akiachishwa kazi anahesabiwa miongoni mwa wasio na ajira rasmi, na huko kipato chake hukadiriwa kwa maswali ili kupanga mchango wake. Paa ni la nini? Ukuta je? Maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, umeme upo? Sasa, Mheshimiwa, chumba cha kupanga cha Mombasa kina ukuta wa mawe, saruji chini na umeme, lakini vyote hivyo ni mali ya mwenye nyumba. Mpangaji anadaiwa kodi humo humo. Friji na makochi alinunua kazi ilipokuwapo. Maswali yanaona alichokuwa nacho mwaka jana. Hayaoni kwamba mwezi huu hakuna hata shilingi iliyoingia.

Akishakadiriwa, anatakiwa alipe michango ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, sawa na 3,600. Akikadiriwa 800, ni 9,600. Mwenye kazi analipa kila mwezi, asiye na kazi analipa yote mara moja! Haki iko wapi hapo? Mpango wa Lipa SHA Pole Pole unampa mkopo, na mkopo hulipwa kwa kipato, ambacho ndicho alichokosa.

Najua zahanati na vituo vya afya vinapaswa kutibu bila malipo, na kwamba Oktoba 2025 serikali ilianza mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 wasiojiweza. Ni jambo jema, nalishukuru. Lakini mpango huo umelenga mafukara, na mshonaji aliyeachishwa kazi mwezi uliopita hahesabiki fukara mpaka auze kila kitu. Mimba ya miezi minane inayohitaji upasuaji haimngojei afike huko.

Katiba, Kifungu cha 43(3), inaiagiza Serikali kuwapa hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Haikuweka sharti kwamba wawe wamezaliwa katika hali hiyo.

Tena SHA haihitaji kumtafuta mtu huyu. Michango yake ilikuwa ikiingia kila mwezi kwa nambari yake ya kitambulisho, kisha ikakatika. Mwezi ilipokatika unajulikana. Naomba basi kukatika huko kuwe ushahidi tosha wa kumshusha hadi 300, alipe mwezi kwa mwezi, na kwa miezi sita ya mwanzo Serikali imlipie kama inavyowalipia wasiojiweza. Akipata kazi, mwajiri ataanza kumkata na msaada utakoma wenyewe. Na anayeona amekadiriwa vibaya apate mahali pa kulalamika katika kaunti yake, ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14.

Haya yanaweza kuanza kwa kanuni zilizo chini ya wizara yako. Tunangoja jibu lako.

Wako,
Mkaazi wa Changamwe, Mombasa