Mwanangu unayenyonyesha

Ngamiani, Tanga

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Juzi kwenye simu uliposhusha sauti ukasema, "Mama, mume wangu akinisogelea natamani alale chumba kingine," nilikwambia kamnyonyeshe mtoto kwanza, tutazungumza. Nilikimbia, mwanangu. Kwetu maneno haya ni ya somo, yule kungwi anayemfunda mwali, mama huona haya kuyatamka. Lakini somo yako ametangulia mbele ya haki, na sitaki uyabebe peke yako kama nilivyoyabeba mimi.

Nilipokuzaa wewe nilitoka arobaini nimekandwa vizuri, uji wa pilipili manga nimekunywa, kila aliyekuja kunitazama akasema nimenawiri. Usiku baba yako akigeukia upande wangu najifanya nimelala. Nilikuwa naumia, na sikumwambia. Akadhani nimemchoka, akawa anakaa barazani na wenzake mpaka saa tano. Karibu mwaka mzima tuliishi hivyo, tunapendana na hatuzungumzi.

Nilipomzaa mdogo wako ndipo nesi wa kliniki akanieleza. Maziwa hutengenezwa kwa nguvu ya homoni iitwayo prolaktini. Ikiwa juu, mayai hayapevuki na estrojeni, homoni ya kike, hushuka. Estrojeni ikishuka uke hukauka, tendo la ndoa huuma, na mtu hatamani kinachomuuma. Hapo bado usingizi wa kukatikakatika, na mtoto aliyekung'ang'ania kutwa nzima hata ngozi yako unaiona si yako. Wapo wanawake ambao hamu haiwapungui kabisa, kwa hiyo usijipime kwa shoga yako. Na maziwa yakichuruzika mkiwa pamoja usishtuke, ni oksitosini, homoni ileile inayoyashusha mtoto akinyonya. Wengi hurudiwa na hamu mtoto akianza kula na kunyonya kukapungua.

Usimwachishe ziwa kwa ajili hii. Mpe maziwa yako matupu mpaka miezi 6, kisha uendelee pamoja na chakula hadi miaka 2. Hata Kurani imetaja miaka miwili kamili. Ukavu una dawa yake: duka la dawa wanauza vilainishi vya maji. Mafuta ya nazi usitumie mkiwa na kondomu, hulegeza mpira ukapasuka. Maumivu yakizidi, rudi kliniki wakuangalie mshono. Na ukijiona unalia kila siku, hata mtoto humtamani, nenda upesi. Huo ni ugonjwa na unatibika.

Sasa hili la kubemenda. Najua wifi zako wamekwambia mkikutana kabla mtoto hajatembea atadhoofika, miguu ilegee. Nami niliambiwa na bibi yako, nikaliogopa. Mwanangu, maziwa hayachafuki kwa baba na mama kulala pamoja. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikusudia kukataza jambo hili, kisha akaona Warumi na Wafursi wanalifanya na watoto wao hawadhuriki. Ninavyoona mimi, wazee wetu walikuwa wanaona mimba ya harakaharaka: mama anabeba nyingine, mdogo anaachishwa ziwa mapema, anakonda. Hiyo ndiyo ya kuihofia. Kunyonyesha hukukinga vizuri na mimba ikiwa tu mtoto hajatimiza miezi 6, anakula ziwa peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, uliza kliniki habari za vijiti au kitanzi vya kuzuia mimba. Havikatazwi kwa anayenyonyesha.

Mpaka hapo utakapokuwa tayari, mwache mumeo akushike mkono, akukande mgongo, alale karibu bila kudai kitu. Lakini hawezi kujua kama hukumwambia, na ukishindwa kusema, mpe barua hii aisome yote. Nitamwonea haya mkwe wangu siku mkija Tanga, na nimekubali.

Mbusu mjukuu wangu.

Mama yako