Felsha si muuguzi wa jeshi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu huduma za afya vijijini Urusi imemwita felsha, yule mhudumu wa afya anayetibu wagonjwa daktari asipokuwepo, "muuguzi wa jeshi". Mimi ni kinyozi, si mganga, lakini neno hilo limezaliwa katika kazi yangu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Asili yake ni Ujerumani: "Feldscherer". "Feld" ni uwanja, hapa ukiwa ule wa vita, na "Scherer" ni mnyoaji. Kinyozi wa kambini, basi. Msicheke. Ulaya ya zamani, daktari wa chuo kikuu alitazama mkojo, akanena Kilatini, na mara nyingi damu hakutaka imguse. Mwenye wembe mkali na mkono usiotetemeka alikuwa kinyozi. Ndiye aliyetumbua majipu, akang'oa meno, akaumika, akakata miguu iliyooza. Jeshi likihama, naye yumo: huyu anamnyoa ndevu, yule anamchomoa risasi. Ambroise Paré, Mfaransa aliyekuja kuwa mpasuaji wa wafalme, alianza kwa kujifunza unyozi. Mwaka 1537, katika vita vya Turin, yalimwishia mafuta ya moto ambayo wapasuaji waliyamimina kwenye majeraha ya risasi. Akapaka kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini. Kulipokucha, waliopakwa walikuwa na nafuu. Waliochomwa walikuwa na homa na uvimbe. (Fikiria walioungua bure kabla ya siku hiyo.)

Warusi walilitumia neno hilo katika jeshi la Tsar Peter Mkuu. Baadaye mafelsha waliostaafu jeshini wakapata kazi vijijini ambako daktari alikuwa adimu, hasa baada ya mabaraza ya majimbo kuundwa mwaka 1864 na kubebeshwa mzigo wa afya. Wembe ukabaki nyuma, jina likaendelea. Felsha wa leo amesomea kazi yake chuoni, na wengi wao ni raia wasiowahi kuvaa sare. Anapima mgonjwa, anautambua ugonjwa, anatoa dawa. Ndiye pia mnayemkuta ndani ya gari la wagonjwa. Daktari asipokuwepo, uamuzi wa tiba ni wake.

Kwa hiyo "muuguzi" hapana, na "wa jeshi" pia hapana. "Tabibu" lingemkaribia zaidi. Mkiona nalo halitoshi, mwacheni aitwe felsha na mtueleze mara moja ni nani, wasomaji tutaelewa.

Kinyozi, msomaji wenu