Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: Kikohozi cha shangazi

Daktari, shikamoo.

Shangazi yangu alikaanga samaki pale soko la samaki la Deep Sea zaidi ya miaka 20: kuni chini, karai juu, moshi usoni. Sigara hakuwahi kuishika, ingawa barazani hadi leo wapo wanaoniuliza kama hakuwa akivuta kwa siri. Moshi wa kuni nao umo kwenye orodha ya vinavyoshukiwa kuleta saratani ya mapafu, ila hilo halina wa kuliuliza.

Alipoanza kukohoa, kituo kimoja cha afya hapa mjini (sikitaji) kilimpima makohozi. Hayakuonyesha kifua kikuu. Wakamwanzishia dozi ya TB hivyo hivyo, "tuone". Tukaona miezi 6. Sauti ikakauka, kitenge kikawa kinamzunguka mara mbili. Anafika Ocean Road, hospitali ya saratani Dar es Salaam, kumbe ni saratani ya mapafu, na imeshaingia kwenye ini. Akaishi miezi minne.

Kwa hesabu za Marekani, saratani hii ikikamatwa ingali ndani ya pafu, wagonjwa kama 6 kati ya 10 huwa hai miaka 5 baadaye. Ikishasambaa mwilini, ni kama 1 kati ya 10. Na hao wana mashine na dawa karibu. Hesabu hii niliisoma mwenyewe, baada ya mazishi. Madaktari walituambia tu "tumwombee". Tulimwombea, lakini shangazi alikuwa na kiwanja na binti wa shule. Angejua siku zake chache, angeyapanga.

Nisieleweke vibaya, TB ipo na dozi inaokoa watu. Ninachoomba ni waraka kwa vituo vyako: makohozi yakirudi safi na kikohozi kikapita wiki tatu, au mtu akitema damu, apigwe picha ya kifua. Picha isipoonyesha kitu na dalili zikabaki, apewe rufaa ya CT scan (picha ya kina ya kompyuta), maana uvimbe mdogo hujificha hata nyuma ya moyo. Na anayetaka kujua ugonjwa wake uko hatua gani, aambiwe, kwa Kiswahili cha nyumbani.

Kadi yake ya dozi ninayo. Visanduku vyote vina tiki, hakuruka hata siku moja. Ukitaka kuiona, nitakuletea ofisini.

Mpwa wake, Ngamiani