Risala ya Klabu ya Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Skuli

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, wajumbe wa Kamati ya Skuli, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu, assalaamu alaykum.

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Klabu yetu ina wanafunzi 24, na mwaka huu tumesoma jambo moja tu: bwawa la umeme. Pemba ina vijito, haina mto mkubwa wa kuzibwa. Lakini tangu mwaka 2010 taa zetu zinawaka kwa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea mitambo ya dizeli ya Wesha, na wazazi wetu hawajasahau kufuta masizi kwenye kioo cha chemli.

Mheshimiwa, umeme wa gridi huchanganyika, wa gesi na wa maji. Ila mkoa ule wa Tanga ndiko ilipo mitambo ya Mto Pangani: Hale, megawati 21, na New Pangani Falls, megawati 68. Huko juu, kusini ya Moshi, inapokutana mito ya Kikuletwa na Ruvu, lipo bwawa la Nyumba ya Mungu. Lenyewe linafua megawati 8 tu. Kazi yake kubwa ni ghala: maji ya masika huwekwa, kiangazi yakafunguliwa kidogo kidogo ili mitambo ya chini isisimame. Bwawani wapo pia wavuvi wa perege. Kina kikishuka, mvuvi na fundi wa mitambo huumia pamoja. Na mto unaleta tope, tope linatuama, nafasi ya maji inapungua. Hili la tope limetugusa sana, kwani kila masika tunaviona vijito vyetu vikigeuka rangi ya udongo kwa sababu ya miti iliyokatwa kingoni.

Tumetoboa debe matundu matatu, juu, kati na chini. La chini ndilo linalorusha maji mbali zaidi, hadi kumrowesha mwalimu wetu viatu. Ndiyo maana mitambo huwekwa chini sana ya usawa wa maji ya bwawa: maji yakiwa juu zaidi yake, huisukuma kwa nguvu zaidi.

Tuna maombi mawili: nauli ya boti na basi tukalione bwawa lile kwa macho, na paneli za jua kwa maabara, maana umeme ukikatika majaribio husimama.

Debe lipo mezani kwako, Mheshimiwa, limejaa. Tunakuomba uchomoe vizibo, ukianzia cha juu.

Ahsante.