YAH: Breki kulia na miguu ya mbele kugonga baada ya kufungiwa spea zenu

Tabata, Dar es Salaam
17 Machi 2025

Meneja,
Duka la Spea na Gereji,
Ilala, Dar es Salaam.

Ndugu,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mwezi uliopita nilileta kwenu gari langu, Toyota IST. Mkanifungia breki pedi za mbele, stabilaiza linki mbili (vifimbo vinavyounganisha stabilaiza na mguu wa gurudumu) na bushi (raba) za kontroli amu, ule mkono unaoshika gurudumu, vyote vipya na vyote kutoka dukani kwenu. Pamoja na ufundi nililipa TSh 285,000. Risiti na kadi ya waranti ya miezi 6 nimeambatisha.

Gari lilitoka kwenu na kelele mbili ambazo halikuingia nazo. Nikigusa breki kidogo kwenye foleni, gurudumu la mbele kushoto linapiga mlio mwembamba mpaka bodaboda wanageuka kuangalia. Nikikanyaga kwa nguvu, unakatika. Kelele ya pili ni ya miguu, yaani vyuma na raba zinazoshika magurudumu. Nikipita tuta au mashimo kwa mwendo wa taratibu, upande wa dereva kunagonga ko-ko-ko. Kwenye lami iliyonyooka, kimya.

Niliporudi, mapokezi waliniambia pedi mpya huwa zinalia, zitazoea. Sikubisha, maana pedi mpya na diski vinahitaji muda wa kuzoeana. Mlio ulipoendelea, nikaambiwa "hizi si OG, ndivyo zilivyo", yaani si za kiwanda. Mara ya mwisho zikalaumiwa barabara za Dar. Barabara nilizopita kuja kwenu ndizo nilizorudia nyumbani, jamani! Katika majibu yote hayo hakuna fundi wenu aliyepiga jeki, wala aliyepanda gari akasikiliza.

Nikampelekea fundi mwingine, akafungua mguu mbele yangu. Diski haina mikwaruzo, na kibati cha kukinga vumbi hakiigusi. Pedi bado ni nene, kwa hiyo mlio si wa kile chuma cha kutoa onyo kwamba zimeisha. Lakini pini moja ya kalipa, kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, ilikuwa kavu kabisa, haina grisi, inasukumika kwa shida, na tayari pedi ya ndani imelika kuliko ya nje. Klipu za kushikilia pedi zilizorudishwa ni zilezile za zamani zenye kutu. Na nyuma ya pedi hakuna vile vibati vyembamba vya kutuliza mtetemo. Mlio wa breki ni pedi kutetemeka kwenye diski. Mkiondoa kinachotuliza, pedi zitazoea nini?

Hapa ndipo nataka maelezo ya maandishi. Boksi la pedi mliniachia kwenye buti, na picha iliyochapwa juu yake inaonyesha pedi zikiwa na vibati hivyo. Pedi mlizonifungia hazinavyo, wala hazina hata alama ya gundi. Ama vilitupwa gerejini, ama pedi hizi hazikuzaliwa kwenye boksi hili.

Kuhusu kugonga, gari lilishushwa likasimama kwa matairi yake. Mtu mmoja akalisukuma bodi, fundi akaishika linki ya upande wa dereva. Nati ya juu inacheza, mimi mwenyewe niliigusa nikaisikia. Shina la linki huzunguka pamoja na nati lisiposhikiliwa kwa elen kii (ufunguo wa pembe sita), na aliyefunga aliishia njiani. Bolti za bushi nazo, kwa maelezo ya fundi huyo, zilikazwa mguu ukiwa unaning'inia. Gari liliposhuka raba ikabaki imejikunja, na upande mmoja imeanza kuachana na chuma.

Sina ugomvi na spea zisizo za kiwanda. Nilijua ninachonunua na bei ilinifaa. Wala msiniambie waranti imekufa kwa sababu fundi wa nje amegusa: hakubadilisha kitu, kila kitu kimerekodiwa kwa video, na linki haikukazwa ila kiasi cha kunifikisha nyumbani salama.

Naomba mnibadilishie pedi kwa zenye vibati na klipu zake, pini zipakwe grisi ya breki, bushi mpya zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake, na linki zikazwe sawasawa, bila malipo ya ufundi. Msipoweza, nirudishieni TSh 285,000 yangu. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, nitalipeleka boksi na pedi zake Tume ya Ushindani (FCC), ambayo ndiyo inayoshughulikia bidhaa bandia na kumlinda mlaji.

Gari naweza kulileta asubuhi yoyote ya siku ya kazi, kwa sharti moja: kabla ya kufungua chochote, mkuu wa gereji apande nami tupite matuta mawili matatu, asikie mwenyewe.

Wenu,
Mteja (jina, saini na namba ya gari vipo kwenye risiti)

Viambatisho: risiti, kadi ya waranti, picha za boksi na pedi, video.